Bwana Mshauri Ajibu: Masahibu Wawili na Pikipiki Mbili

"Bwana Mshauri, mimi na sahibu yangu twaazimia kwenda Moshi kutoka hapa Tanga kwa pikipiki, kila mtu na yake, tutoke alfajiri tufike kabla ya magharibi. Tulipojaribu safari ya Pangani yeye alikimbia akaniacha, nami nikarudi siwezi kukaa kitako. Nifanyeje? – Mchovu, Chumbageni."

Mwanangu Mchovu, waraka wako umenifikia wakati wa alasiri, nami nimeketi barazani nikitafakari hekima ya Mola aliyewagawia watu shida kwa wingi, ilhali majibu akamlimbikizia mtu mmoja tu, ambaye staha yanizuia kumtaja. Umefanya vema kuniandikia. Wengine hukimbilia kwa fundi, naye fundi, maskini, hajui ila pikipiki, hali mimi nawajua wanadamu, vyombo, nyota, dawa ya kikohozi na, tangu juzi, ufugaji wa bata.

Tuanze na makalio, kwa kuwa ndiyo yaliyokushikisha kalamu. Adha hiyo ina nasaba kongwe. Mnamo Novemba 1885, huko Ujerumani, Paul Daimler alikipanda kutoka Cannstatt hadi Untertürkheim chombo cha mbao chenye injini, kilichoundwa na babaye, Gottlieb, pamoja na Wilhelm Maybach. Na kwa kuwa bomba la moto la kuiwasha injini hiyo lilikuwa chini ya tandiko, husimuliwa kwamba tandiko lenyewe lilishika moto njiani. Wewe walalamika kwa kuumwa. Mwenzio aliungua, wala hatusikii kuwa alimwandikia mtu barua. (Angaliniandikia mimi, ningalimwambia ahamishe bomba.)

Dawa niliyoibuni mwenyewe, ambayo matabibu hawajaipinga kwa sababu sijawaonyesha, ni hii: kila siku baada ya swala ya alasiri upindue kinu, ukikalie, unyooshe mikono mbele kana kwamba umeshika usukani, naye mdogo wako akigonge kinu hicho kwa mchi kwa kitambo cha kutosha kufika Muheza, na shangazi yako asimame kando akikupepea vumbi usoni, ili siku ya safari pasiwe na lolote geni kwako isipokuwa mandhari. Asiye na kinu, au asiye na shangazi mwenye nafasi, basi asimame juu ya vikanyagio mara kwa mara, ashuke kila ipitapo saa moja anyooshe mgongo, anywe maji kabla kiu haijamjia, na aepuke suruali yenye mshono mnene. Lakini hiyo ni tiba ya watu wa kawaida, nami huitaja kwa ajili ya kukamilisha tu.

Sasa sahibu yako mwenye kukimbia. Yuko msomaji aliyenishauri (mimi, nishauriwe!) niwaambie mfungane kamba ya mkonge, pikipiki kwa pikipiki. Hasha, mtauana. Hata hivyo kamba hiyo isidharauliwe, maana mkonge mtakaouona umejipanga safu kwa safu mkishaipita Muheza na machungwa yake si mwenyeji wa nchi hii: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu, nayo hiyo 62 ndiyo asili ya mashamba yote yaliyoipatia Tanga jina duniani. Nilikuwa nataka kusema nini? Naam, kasi.

Chukua karatasi tufanye hesabu. Tanga hadi Moshi, kwa kupitia Segera, Korogwe, Mombo na Same, ni kilomita takriban 350. Mwenye kwenda kilomita 60 kwa saa hukaa juu ya tandiko muda usiotimia saa sita; mwenye kwenda 80 humtangulia kwa saa moja na nusu hivi, kisha saa hiyo na nusu yake huitumia njia panda ya Himo, akimngoja mwenzake na kuwauliza watu kama wameona ajali. Ama ikiwa hima yake ni kuuona Mlima Kilimanjaro, mita zake zote 5,895, basi ajue kuwa mlima huo aghalabu hujitanda mawingu mchana na kujifunua jioni. Awahiye hupokewa na wingu.

Katika posta iyo hiyo, kwa ajabu ambayo kwangu si ajabu, nimepokea waraka wa pili, wa mtu ajiitaye Mwenye Haraka, wa Ngamiani, akilalamika kwamba sahibu yake husimama kila penye genge la machungwa na kujidai anaitazama cheni. Wala hamkuambiana! Ndivyo ilivyo: watu hulala jirani, huazimana pampu, lakini siri zao huja kukutana mezani pangu.

Mwenye Haraka, cheni hutazamwa kabla ya kuondoka, injini ikiwa baridi. Katikati yake, upande wa chini, aghalabu huachiwa nafasi ya kucheza kiasi cha sentimita 2 hadi 3, kwani ikilegea kupita kiasi huweza kuruka meno, na ikikazwa mno hula bearing na kukatika. Nawe jihadhari na nchi ya Same, ambako milima ya Upare huizuia mvua isipite, nchi ikawa kavu na pikipiki nyepesi ikapeperushwa na upepo. Kadhalika basi kubwa likupitapo, upepo wake kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta, basi shika usukani kwa utulivu wala usiukamate kwa hofu. Jambo hili niliwahi kumfafanulia dereva wa basi mmoja kwa urefu, tangu Korogwe, naye akavutiwa kiasi cha kusimamisha gari pale Mombo na kunifungulia mlango.

Nilikuwa nimekusudia kuingia katika usuli wa urafiki, bata na safari, lakini mhariri ameleta mkasi. Alhasili: Mchovu atangulie mbele, maana anayekwenda polepole ndiye apimaye mwendo, na chakula chote, na fedha zote, ziwe katika mkoba wa Mchovu, nanyi mtaona jinsi Mwenye Haraka atakavyojifunza kungoja. Mkifika Moshi ninunulieni kahawa, iliyokwisha kukaangwa, wala msiniletee buni mbichi kama walivyofanya waliowatangulia, na mkoba mnirudishie kwa mkono, kwa kuwa ni wangu, nilimwazima Mchovu kabla hajajua kuwa atasafiri nao.