Sifa za Mbuzi wa Jirani

Kila mwenye bustani nyuma ya nyumba ana mbuzi wa jirani. Anayekana ama hajapanda kitu, ama anaona haya kuitaja neema aliyojaliwa.

Mnyama huyu ndiye mkaguzi pekee wa kilimo anayefika bila kuitwa, bila posho na bila gari. Huingia alfajiri, mchicha ukiwa bado na umande, wala hatoki kabla ya kupitia kila tuta. Bamia huzionja, matembele huyamaliza, nyanya chungu huzigonga muhuri wa meno. Hana pupa hata kidogo: kwa mdomo wake wa juu, mwepesi kama kidole, huchuma kichipukizi laini na kukuachia bua, usije ukakosa cha kuwaonyesha wageni.

Wasio na shukrani hujenga ua. Na wajenge! Mbuzi kwa asili ni mla vichaka, na michongoma kwake ni kitangulizi cha chakula. Ua wa fito humfundisha kupenya, wa mawe humfundisha kupanda, na baba mwenye nyumba anayeukarabati kila Jumamosi hupata kifua kipana bila kulipia mazoezi. Kumnyatia kwa fimbo nako ni heshima isiyo na madhara. Mboni zake zimelala ubapa, hivyo huona mbele, kando na karibu nyuma yote bila kugeuza shingo. Hukuona ungali mbali, akamaliza tonge lake kwa utulivu.

Wengine hushauri kinyesi chake kilowekwe na maji yake yanyunyizwe kwenye majani ili asiyaguse. Ushauri mwema: mboga hunawiri kwa mbolea hiyo, naye hurudi kuvuna alichowekeza.

Mlinganishe na kantangaze, yule nondo wa Amerika ya Kusini aliyeingia Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake hujichimbia ndani ya jani na tunda kwa siri, na dawa nyingi amekwisha kuzizoea. Mbuzi hula mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Tena pale alipopita yeye, kantangaze hana nyanya ya kutoboa. Ni kinga gani nyingine ya wadudu iliyo kamili kiasi hicho?

Na ujirani je? Pasipo mbuzi, nyumba mbili zingeishia kusalimiana tu. Yeye ndiye hutukutanisha kwa mjumbe, tukakaa kitako hadi magharibi. "Jirani yangu, wallahi, wangu amefungwa tangu asubuhi," mwenyewe huapa, huku kipande cha kamba kilichotafunwa kikining'inia shingoni mwa mtuhumiwa.

Wanaotilia shaka bidii ya ukoo huu watazame kisiwa cha Pinta, katika visiwa vya Galápagos. Mwaka 1959 waliachwa huko mbuzi watatu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa makumi ya maelfu, na uoto wa kisiwa ulikuwa umekwisha kukaguliwa kikamilifu.

Sisi bado tuko nyuma. Hata hivyo mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu, na kuzaa mapacha kwake ni jambo la kawaida. Wa jirani yetu ameanza kutanuka mbavu. Tumeongeza matuta mawili ya matembele.