Kwa SNEL: mpinzani wenu anauza makala

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa SNEL, shirika la umeme la taifa, Kinshasa
Kuhusu: pole kwa kusumbuliwa na ushindani

Papa Mkurugenzi,

Huku Lubumbashi tumesikia kuna watu wasio na adabu wanaodai soko la umeme lifunguliwe, eti waje wengine, bei ishuke. Wavumilieni, hawasomi Gazeti Rasmi. Sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilikwisha kuufuta ukiritimba wenu. Mwenye mtaji na kibali anaruhusiwa kuzalisha, kusafirisha na kuuza umeme. Hata mwamuzi tumepewa, mamlaka ya udhibiti iitwayo ARE. Uwanja upo, filimbi ipo. Timu ya pili ndiyo haijatokea hapa kwetu.

Wala si kweli kwamba hapa mko peke yenu. Piteni mtaa wa Katuba jioni, mtamkuta mpinzani wenu ameketi kando ya barabara, makala, yaani mkaa, ameyapanga mafungu mafungu, mikono myeusi hadi viwiko. Hana kabini ya umeme, hana fakitire ya kukadiria. Mteja akitoa pesa, anaondoka na moto wake mkononi, mbabula inawaka, bukari inaiva. Malighafi yake ni msitu wa miombo: baiskeli zinaingia mjini zimeelemewa na magunia, na wachomaji wanazidi kwenda mbali kutafuta mti wa kukata. Mpinzani wa pili ni gurupu, yaani jenereta, linalonguruma mlangoni pa kinyozi. Wa tatu ni paneli ya jua juu ya bati. Ushindani tunao tele, Papa. Bei ndiyo imekataa kushuka.

Tuwape haki yenu: bei yenu ya nyumbani, kwenye karatasi, ni ndogo. Lakini delestaji ikiingia, umeme ukakatwa kwa zamu, mama anayelipa fakitire anamlipa na muuza makala, na hapo ule umeme rahisi unageuka ghali. Kule Goma wenzetu wameonja njia nyingine. Kampuni ya Virunga Energies ilijenga mtambo wa Matebe kwenye mto Rutshuru, kampuni ya Nuru ikaja na jua. Bei yao iko juu kuliko yenu, na bado watu wakaomba kuunganishwa. Wanaodhani mshindani ataleta umeme wa bure wajue hilo mapema.

Wakubwa wa migodi, kwao soko lilifunguka zamani. Waya wa Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700 hivi, uliojengwa kwa ajili ya shaba, unapita juu ya vijiji vinavyowasha vibatari. Umeme wake usipotosha, migodi inanunua Zambia, na waya wa kutoka huko unaingia hapa hapa mjini, kwenye kituo cha Karavia. Mama wa Katuba ampigie simu nani huko Zambia?

Na msituambie kwamba Katanga haijawahi kupata umeme bila ninyi. Mlizaliwa 1970. Kabla yenu kulikuwa na kampuni za Sogefor na Sogelec, mkazimeza. Bwawa la umeme la Mwadingusha, lililoanza kazi 1930, likawa lenu. Lilipochoka, pesa za kulifufua zilitoka kwa wachimba shaba wa Kamoa-Kakula, na kazi ikaisha 2021. Mali ni yenu, mfuko ni wa jirani. Hongereni.

Sasa ombi letu, halina matusi. Tangazeni hadharani ada mnayotaka kwa mtu atakayepitisha umeme wake kwenye nyaya zenu hadi mitaa yetu ya Katuba, Kenya na Ruashi. Fungeni mita kila nyumba, tulipe tulichotumia. Nao ARE waseme wazi ni nani ameomba kibali cha kuuza umeme katika mji huu, na jibu alilopewa ni lipi. Sheria ina zaidi ya miaka kumi. Majibu hayo hayahitaji sheria nyingine.

Wateja wenu wa Lubumbashi