"Dada Yenu Msimwambie, Atapata Presha"

Msyuu! Kuna neno limezoeleka majumbani mwetu, linasemwa kwa upole na watu wenye nia njema kabisa, na linakata undugu kuliko hata kesi ya mpaka wa shamba: "Dada yenu msimwambie, yuko mbali, atapata presha."

Hapa kijiweni Mabibo tangu Oktoba hatuna mada nyingine. Drafti inachezwa, kahawa inamiminwa, kashata inamung'unywa, lakini mazungumzo yanarudi palepale. Mangi, mwenye duka la spea za pikipiki, amefiwa na shangazi yake huko Marangu. Usiku wa msiba grupu la familia limejaa pole, limejaa apumzike kwa amani, mtunza hazina anataja nani ametuma na nani bado, mara inashuka picha kutoka Minnesota. Dada yake Mangi, ndani ya koti zito, wanawe wawili kila mmoja amekumbatia boga linalomzidi kifua. Nyuma yao miti imebadilika yote, mingine ya njano, mingine nyekundu mpaka ncha za matawi. Chini kaandika: "Tumetoka kidogo na watoto, tumechuma matufaha. Tunawapenda wote."

Huku jeneza linatafutiwa gari, kule yanachumwa matufaha.

Mangi alipotuonyesha, kijiwe kizima kilisonya. Kijana wa bodaboda akasema Marekani imeshamla huyo. Mama wa chapati, ambaye huwa hapendi kusema watu, akashindwa kujizuia: "Shangazi aliyemlea! Mtoto wa kike! Hata aibu?" Wengine wakaongeza yao, na nakiri maneno yalikuwa makali kuliko mtu anavyostahili kusemwa asipokuwepo.

Ndipo Mwalimu, yule mzee mstaafu anayekaa karibu na jiko, akauliza swali lililopaswa kutangulia. "Mangi, nani alimwambia dada yako kwamba shangazi anaumwa?"

Mangi akazungusha kikombe. Akatazama barabarani.

Hakuna aliyemwambia. Shangazi sukari ilimsumbua tangu Pasaka. Kidonda cha unyayo kikakataa kupona, akalazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Muda wote huo dada alipopiga simu aliambiwa, "Shangazi yupo, anaendelea vizuri, ameenda kanisani." Ameenda kanisani na mguu ule! Siku ya mwisho mtoto wa baba mdogo akaandika habari ya msiba kwenye grupu, moja kwa moja, ikakaa katikati ya sala zilizosambazwa na tangazo la kikoba. Dada yuko shambani kwa watu na watoto, amelinyamazisha grupu lisimpigie kelele kazini, kachagua picha nzuri, katuma bila kupandisha juu kusoma. Aliposoma alikuwa ameshasemwa Marangu nzima.

Sasa niambieni kosa la nani.

Mimi simtetei kwa sababu yuko Marekani. Namtetea kwa sababu najua ile picha ni nini. Minnesota miti ile hugeuka rangi kuanzia mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Oktoba, baada ya hapo majani yanadondoka na baridi inaingia. Ikifika Desemba, Minneapolis jua linazama saa kumi na nusu jioni. Mtu anayefanya kazi ya usiku, na dada huyu anahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea wazee, anaenda kazini gizani, na akirudi analala mchana ule mfupi. Kwa hiyo Jumamosi moja ya Oktoba, jua likiwaka, unalipia kuingia shambani, watoto wanachuma matufaha kwa mikono yao, wanachagua boga la kuweka mlangoni. Kwake hiyo ndiyo sikukuu. Alichotuma ni siku nzuri aliyoipata, akadhani ndugu zake watafurahi naye.

Ila naye ana lake, na hili nalisema bila kumwonea haya. Picha ni za matembezi tu. Za zamu hakuna. Mgongo unaouma kwa kugeuza wazee kitandani, hakuna. Mwaka juzi alipasuliwa tumbo, na nyumbani walikuja kujua baadaye kupitia mtu wa Rombo anayeishi mtaa mmoja naye. Mangi alipomuuliza, akajibu nini? "Sikutaka kuwapa presha." Neno lilelile! Ng'ambo na nyumbani wanafichana kwa huruma ileile, halafu kila upande unalalamika kuwa mwenzake hajali. Wa huku wanasema yule anakula maisha. Yule naye huko anajua wa huku wanamkumbuka michango ikipungua tu. Wote wanahukumu kwa habari walizopunjwa.

Kijana wa bodaboda, aliyekuwa wa kwanza kumsema dada wa watu, alinyamaza hapo muda mrefu. Kwao ni Pangani. Kaka yake mkubwa yuko Muscat, dereva. Baba yao alipozidiwa, nyumbani walikubaliana kaka asishtuliwe mpaka hali ieleweke. Jumanne kaambiwa mzee anaendelea vizuri. Alhamisi alfajiri mzee amefariki, na kwetu sisi Waislamu, akasema, maiti haisubiri. Adhuhuri wamemswalia, kabla ya alasiri wameshazika. Kaka anapata tiketi jioni, anapanda ndege ya kwenda kwa baba aliyekwisha zikwa. Alifika kwenye kisomo, akakaa kimya, akarudi Muscat, na mpaka leo hapokei simu ya mtu isipokuwa ya mama. "Nilidhani ana kiburi," kijana akasema. Jamani, kiburi gani? Mtu ameibiwa siku mbili za mwisho za baba yake na ndugu zake mwenyewe.

Familia za Kikristo angalau zinaweza kumweka maiti mochwari mpaka mtu wa mbali atue Kilimanjaro. Lakini hata hapo anakuja kuangalia uso kwenye jeneza. Alichotaka kusikia ni sauti, na sauti ilikuwepo tangu Pasaka, mtu angemwekea simu sikioni shangazi pale wodini ikatosha.

Nami nina hasira ya pili, na hii hawaigusi sana watu. Habari zote hizi zinabebwa na nani? Uchagani nyumba ya wazazi humwangukia mtoto wa mwisho wa kiume, na mwenye nyumba akiwa kwenye mihangaiko, anayebaki na wazee ni mkewe. Huyu shemeji yao ndiye anayejua dawa za mama saa ngapi, ndiye aliyefunga kidonda cha shangazi, ndiye anayepigiwa simu na Dar, na Mwanza, na Minnesota. Na kila anayepiga anamwachia agizo: huyu usimwambie hili, yule usimwambie lile. Mwanamke mmoja, mgeni wa damu, amefanywa ghala la siri za watoto wa mtu mwingine! Na siku siri ikifumuka, anayelaumiwa ni yeye: "Shemeji, ulijua, mbona hukusema?" Mangi mwenyewe alikubali kwamba katika simu zote alizompigia kuuliza hali ya mama na ya shangazi, hajawahi kumwuliza yeye anaendeleaje. Mama wa chapati aliacha kusukuma unga kabisa. Naye ni mke wa kitinda mimba, kwao Kondoa.

Basi, sikilizeni kilichotokea siku ya Marehemu Wote, maana ndicho kilichofanya kijiwe kigeuke.

Kila 2 Novemba familia ya Mangi wanafyeka makaburi ya kihambani, wanawasha mishumaa, wanasali. Babu na bibi wamejengewa kwa saruji, hao wanajulikana. Lakini kuna bibi mzaa babu, yule wa zamani, hana saruji, ana masale tu kaburini. Na masale kihambani hayako sehemu moja. Mengine ni ya mpaka, mengine yameota yakatambaa. Walikuwa wamepanga Desemba hii wote wakipanda kwenda nyumbani wamjengee, na fundi ameshapewa kianzio. Wakasimama pale na panga, wakatazamana. Anayejua kaburi ni lipi alikuwa shangazi, na shangazi wamemzika wiki zilizopita. Kitinda mimba akaonyesha chini ya mparachichi. Binamu akasema hapana, karibu na zizi. Mangi, aliyekuwa amepanda basi tangu alfajiri ya jana yake, hakuwa na la kusema.

Shemeji ndiye aliyesema, "Mpigieni Dada."

Ilikuwa saa tisa alasiri, kule ni saa moja asubuhi, dada ndiyo anatoka zamu. Wakampigia kwa video, wakamgeuzia simu migombani. Wala hakufikiri. "Pandeni juu ya mfongo. Hapana, vukeni kabisa. Mnaona jiwe la kusagia lililovunjika? Masale ya kushoto kwake. Shangazi alikuwa akinituma kukata majani ya ng'ombe hapo, ananiambia nisikanyage, bibi yetu amelala." Wakavuka mfereji huo, wakafyeka. Jiwe likaonekana, nusu limezama.

Wangejenga chini ya mparachichi, juu ya udongo usio na mtu!

Na simu haikukatwa. Dada akiwa ndani ya gari lake, vioo vimefanya ukungu, akaanza kumsimulia shangazi. Akasimulia shangazi aliyeuza debe la maharage Mwika ili yeye apate sare za shule, akamkataza asimwambie baba. Mangi hakuwa akimjua shangazi huyo kabisa. Yeye anamjua wa fimbo, aliyemkimbiza mpaka barabarani kwa kuchezea pipa la mbege. Kitinda mimba naye hakuwajua wote wawili. Kwake shangazi alikuwa mzee aliyependa redio na ugali mlaini. Watoto wa tumbo moja, shangazi mmoja, na kila mmoja amebaki na kipande ambacho mwenzake hana. Shemeji akawa na chake, cha miezi ya mwisho: shangazi alikuwa akiuliza kila jioni, "Yule wa Marekani hajapiga?" Hapo dada alilia, wakalia wote, na hakuna aliyepata presha.

Mangi alipotusimulia haya, Mwalimu alimwambia jambo moja la maana: saa za kule zimebadilika. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa nyuma, kwa hiyo ukimpigia tena saa tisa utamkuta bado anabadilisha mashuka ya wazee, piga saa kumi. Mangi ameandika kwa chaki ukutani mwa duka, juu ya bei za plagi na mnyororo. Grupu nalo wameligawa: michango ina grupu lake, sala zina lake, na lile la ndugu wa tumbo moja ni la habari, nzuri na mbaya, na shemeji ameingizwa humo kwa haki yake. Picha ya maboga wameirudisha na kuiangalia upya. Mtoto mkubwa, wamegundua sasa, ana meno ya shangazi.

Lakini bado kuna moja linatugawa hapa, na juzi nusura kahawa imwagike. Mama yao Mangi naye anaumwa. Jicho moja limeanza kufunga, na kuna uvimbe ambao daktari anataka upimwe. Mama amesema kwa kinywa chake mwenyewe: wa Marekani asiambiwe. Muuza kahawa anashikilia kuwa agizo la mzazi halivunjwi. Mama wa chapati anasema mwambieni leo leo, mzazi anaogopa kuwa mzigo, hajakataa kupendwa.

Mimi nasema mwili ni wa mama, na habari ya mwili wake ni yake kuitoa. Ila asiruhusiwe kumwachia shemeji aibebe. Mangi apande Marangu, akae naye, amweleze jinsi dada alivyolia ndani ya gari kwa swali la shangazi alilolisikia likiwa limechelewa, kisha ampe simu mama aseme mwenyewe, kwa Kichaga, maneno machache kadiri anavyoweza. Akikataa, basi Mangi amwambie wazi kwamba dada akiuliza hatadanganywa. Muuza kahawa ananiambia huko ni kumtisha mzazi. Nimemjibu hapana, na nitamjibu hivyo kesho akiuliza tena. Mangi amekata tiketi ya Ijumaa.