Sifa za Kantangaze

Wageni hulipa fedha nyingi washuke kreta ya Ngorongoro kumtazama faru, na tembo akitoka msituni usiku akafyeka mahindi ya watu wa Karatu, picha yake haiondolewi ukutani hotelini. Kantangaze hajatungiwa hata shairi. Ni nondo wa kijivu asiyezidi milimita 7, mchana hujibanza kwenye majani, usiku ndio anaingia kazini. Lakini kwenye bustani ya nyanya hakuna bwana shamba aliyefundisha somo la kinga kwa ukali na ufasaha kama yeye, na anayestahili sifa apewe.

Kwanza ni msafiri. Ametoka Amerika ya Kusini, mwaka 2006 akaonekana Hispania, na kufikia 2014 alikuwa Tanzania, bila viza wala kulipia geti. Jike mmoja aweza kutaga mayai 260. Kiwavi wake hakai juu ya jani kama viwavi wasiojiheshimu; hupenya katikati ya ngozi zake mbili na kula nyama ya ndani. Inua jani lililoshambuliwa ulielekeze juani: utaona baka linalopitisha mwanga, vinyesi vyeusi vimetapakaa, na mwenyewe yumo anakula hana habari na mtu. Kwenye tunda huacha kitundu karibu na kikonyo, kidogo hata mnunuzi asikione mpaka afike nyumbani. Dawa inapigwa juu ya jani, yeye yuko ndani. Na dawa nyingi zilizomfikia ameshazijengea usugu. Hapo mkulima hubakiwa na yale yaliyokuwa kwenye vipeperushi siku zote bila kusomwa: kitalu kifunikwe kwa chandarua, masalia yang'olewe na kufukiwa mara baada ya mavuno, nyanya isifuate viazi mviringo wala bilinganya kwa kuwa ni ukoo mmoja, ifuate vitunguu au mahindi, na mtego wenye harufu ya jike uning'inizwe juu ya beseni la maji ya sabuni, madume yaje yazame. Kilimo cha mzunguko hicho hicho hupunguza na mnyauko wa bakteria, ambao hauna dawa ya kupiga. Yaani ada moja, masomo mawili.

Mkulima wa bonde la Eyasi atasema ada yenyewe ni shamba zima. Ni kweli, asipodhibitiwa aweza kula karibu mavuno yote. Ila tuulizane: pale ambapo maji ya chemchemi yanaruhusu kulima mwaka mzima, nyanya changa zikapandwa ubavuni mwa zilizozeeka, ni nani aliyemwekea mgeni chakula asikose hata mwezi mmoja? Wapo watakaosema dawa zichanganywe tatu kwenye bomba moja. Hao ndio wanaomtetea kuliko mimi. Wadudu marafiki wanaokula mayai yake hutembea nje, juu ya majani, kwa hiyo hufa wao kwanza; kisha nyanya huchumwa kabla siku zilizoandikwa kwenye kibandiko hazijatimia, na mlaji wa kachumbari humalizia kilichobaki.

Pingamizi gumu ni la mama mwenye miche kumi nyuma ya jiko. Amefukia masalia, ametega beseni, na bado nondo anaruka kutoka kwa jirani. Hapa namsifu kantangaze kwa jambo ambalo mikutano mingi ya kijiji imelishindwa: amefanya takataka za bustani ya jirani kuwa shauri la mtaa mzima. Zaidi ya hapo, hata nyanya zote za mtaa ziking'olewa kwa msimu mmoja, hujistiri kwenye mnavu ulioota kando ya mfereji. Sasa atafutwe mwenye ujasiri wa kwenda kumwambia yule mama kwamba na mboga yake ya jioni ing'olewe.