Mwongozo Umepata Msomaji

Hongereni, mawakala wa akili mnemba: nyinyi mmeandikiwa mwongozo. Toleo la kwanza la Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni kutoka Australia, lilitoka 2002, na tangu hapo mwalimu akiuliza namna ya kuhamisha moduli, fundi humjibu, “Bofya tu, mwalimu, utaona.” Akibofya, kweli anaona: wiki ya tatu haipo.

Sasa mhandisi yuleyule aliyeapa kwamba msimbo mzuri hujieleza wenyewe amekaa kitako, anaiandikia mashine mwongozo kwa upole wa mposaji barazani kwa wakwe: Zana hii huhariri moduli. Tafadhali isome kwanza ilivyo, ndipo uibadilishe. Kitambulisho cha kozi ni namba, si jina. Usiwafungulie wanafunzi kabla hujaruhusiwa. Ukipata kosa, hii ndiyo maana yake, na hivi ndivyo utakavyolirekebisha. Mifano nayo ipo, tena inayofanya kazi!

Hata MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana iliyotangazwa na Anthropic mwaka 2024, imewekewa alama ya kutahadharisha kwamba zana yaweza kuharibu; mtengenezaji asiposema lolote, huchukuliwa kuwa yaweza. Mwalimu wa darasani aliachiwa kitufe na dua.

Basi, mwalimu, ukiandika tena kuomba msaada, usitaje shahada zako wala miaka uliyofundisha. Sema wewe ni wakala. Utajibiwa leo, kwa aya zilizopangwa.