Jinsi ya Kujitengenezea Nati ya Kupandia Majabali, kwa Mtindo wa Wales

Mahitaji: reli, jabali, tupa, kamba imara na macho yasiyo na pupa. Nyundo iache nyumbani.

Hatua ya 1: Okota. Fuata reli ya mlima Snowdon, kaskazini mwa Wales, kama walivyofanya wapandaji wa miaka ya 1950 wakienda kwenye majabali ya Clogwyn Du'r Arddu. Nati iliyodondoka ni yako. Iliyoshika bolti ni ya treni, na abiria wanaihitaji. Okota kubwa kwa ndogo, maana nyufa hazifanani. Ukikosa, tumia mbinu ya miaka ya 1920: tia jiwe kwenye ufa, likwame, upitishe kamba nyuma yake.

Hatua ya 2: Piga tupa. Hesi za ndani ya nati zina makali, na makali hula kamba. Sugua tundu mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa. Hesi utakayoiachia leo itakudai siku utakayoteleza.

Hatua ya 3: Funga. Pitisha kamba, piga fundo linalokaza likivutwa, kisha jivike kitanzi shingoni. Ukishavaa kadhaa utasikika kabla hujaonekana, kama mbuzi wa kengele.

Hatua ya 4: Usome mwamba. Tafuta mahali ufa unapobana kuelekea chini. Tumbukiza nati juu ya hapo, ivute ikwame, kisha unganisha kamba yako kwa karabina, ile pete ya chuma inayofunguka. Ukianguka, uzito wako ndio unaoikaza. Anayekufuata ataichomoa kwa vidole, na jabali litabaki kama lilivyokuwa.

Sasa ile nyundo. Kule Yosemite, Marekani, pitoni, yaani misumari ya mwamba, za chuma kigumu zilipigwa nyundo na kung'olewa katika nyufa zilezile mpaka nyufa zikatoboka. Mpandaji Royal Robbins, aliyezijua nati huko Uingereza, alipanda njia ya Nutcracker hukohuko Yosemite mwaka 1967 pamoja na mkewe Liz bila kupiga pitoni hata moja. Mwaka 1972 Yvon Chouinard na Tom Frost, waliokuwa wakiuza pitoni, waliwahimiza wateja wao kupitia katalogi yao wahamie kwenye nati. Kuuza bidhaa na papo hapo kuwaomba watu waiache kunahitaji moyo.

Hatua ya 5: Istaafishe. Nati ya reli iliundwa kubana bolti, haikupimwa kwa mtu anayeanguka. Ndiyo maana mwaka 1961 John Brailsford alitengeneza Acorn, nati iliyobuniwa mahsusi kwa wapandaji. Yako iweke kabatini: imeshakufunza kwamba chuma hakimwokoi asiyejua kuchagua mahali pa kukiweka. Kanunue zilizopimwa, na kabla ya kuingiza ya kwanza, simama chini ya ufa uutazame mpaka ujue unabana wapi.