Bastola ya Kale, Mkoba wa Jana

Mkoba wa nakala ni ule ulioshonwa miaka ya karibuni kwa kufuata umbo la mkoba wa zamani, ili bastola ya vita vilivyokwisha ipate pa kukaa. Wanunuzi wake wengi wako Ulaya na Marekani: wakusanyaji wa silaha za kale, na watu wazima wenye kazi za heshima ambao Jumamosi huvaa sare na kuigiza mapigano uwanjani. Mkoba halisi ni ghali, umekauka, na uzi wake hukatika ukiguswa. Nakala ni nafuu, ila fundi aliyeishona, mara nyingi huko India, huenda hajawahi kuishika bastola yenyewe.

Balaa huanza kabla fedha hazijatoka mfukoni, kwa kuwa mnunuzi husoma jina na kuruka vipimo. Akiona limeandikwa “Luger”, roho yake hutulia. Kumbe Luger ya jeshi la nchi kavu la Ujerumani, P08 iliyopokewa mwaka 1908, ina mtutu wa milimita 100. Ya wanamaji ina 150. Ya wapiga mizinga ina 200. Anayeitia P08 katika mkoba wa wanamaji huiona ikizama, kisha huhangaika kuitoa kwa vidole viwili. Anayefanya kinyume hubaki na kifuniko kisichofunga na maelezo mengi kwa wenzake. Webley za Waingereza zina mtego wa namna hiyo hiyo: Mk VI ya mwaka 1915 ina mtutu wa inchi 6, ilhali Mk IV na Mk V kwa kawaida zilikuwa na inchi 4. Bastola za ukoo huo ndizo zilizoning'inia viunoni mwa maofisa waliowaamrisha wazee wetu wa keya, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na picha za enzi hizo hazisemi ni Mk ya ngapi. Rula husema.

Kisa kinachostahili kuelezwa kwa kirefu ni cha Colt za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865. Askari wa farasi alivaa mkoba upande wa kulia, lakini mpini wa bastola ulielekea mbele. Mkono wa kulia ulikuwa wa upanga. Bastola iliweza kuvutwa kwa mkono wa kushoto kupitia mbele ya tumbo, au kwa ule ule wa kulia kwa kukipindua kiganja. Nakala ikitengenezwa kwa uaminifu huwa hivyo hivyo. Mnunuzi mgeni anaifungua, anaivaa kulia, anaona mpini unamtazama kitovu, na anahitimisha kwamba ametumiwa mkoba wa mtu wa mashoto. Anaandika barua ya hasira, analipa nauli ya kuurudisha, na anadai ulio “sahihi”. Muuzaji mwenye subira humweleza historia. Asiye na subira humtumia mwingine wa kisasa, na tangu siku hiyo mteja hutembea uwanjani akiwa na mkoba ambao askari yeyote wa 1863 angeushangaa.

Baada ya kipimo ni ngozi. Iliyolainishwa kwa tanini ya magome ya miti hukubali kufinyangwa ikiwa na unyevu na hushika umbo ikikauka. (Magome ya mikandaa ya delta ya Rufiji yalikuwa yakisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo.) Ngozi iliyolainishwa kwa kromu ni laini na haipendi kufinyangwa; ikikatwa, mara nyingi ndani huonekana ya kijivu au buluu, wakati ile ya magome ni kahawia kotekote. Mwenye mkoba wa kromu unaobana asijisumbue na maji, atauloanisha hadi achoke.

Mkoba wa magome ukibana, dawa ni maji na subira. Kwanza bastola ihakikishwe kuwa tupu, chemba na magazini, kisha ihakikishwe tena. Ifungwe kwa plastiki nyembamba. Mkoba uloanishwe kwa maji ya uvuguvugu, bastola iingizwe, na ngozi ikandamizwe kwa vidole kuzunguka silinda na kinga ya kifyatulio. Halafu uachwe kivulini ukauke wenyewe. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa sababu maonyesho ni kesho. Wapo wanaoutia kwenye oveni. Ngozi yenye maji ikipata joto kali hunywea na kuwa ngumu. Mkoba huikumbatia bastola isitoke, jikoni hunuka kwato, na chakula cha jioni hununuliwa nje. Wengine hukimbilia mafuta ya kwato za ng'ombe, wakamimina badala ya kupaka. Mkoba huo hufunguka vizuri kabisa, na haufungi tena. Hulegea kama chapati iliyoachwa mchuzini.

Mkoba ukiwa mpana, dawa yake ni kipande cha ngozi nyembamba kinachobandikwa ndani. Kufumua na kushona upya ni kazi ya fundi viatu, mwenye msharasi na uzi wa nta. Fundi apelekewe mfano wa mbao au ramani ya karatasi. Mteja anayeingia dukani London au Chicago na kuweka bastola juu ya meza ili apimiwe atahudumiwa haraka, ila si na fundi.

Uvaaji nao una ajali zake. M1916, mkoba wa Colt M1911 ya Marekani, una kamba ya ngozi ya kufungia pajani. Mvaaji anayeisahau hukumbushwa chooni, anapovua mkanda kwa haraka. Rangi mpya huhamia kwenye suruali ya kaki kukinyesha. Tena rangi yenyewe iendane na wakati: jeshi la Marekani lilitumia kahawia katika vita vyote viwili vikuu na kuhamia nyeusi miaka ya 1950, kwa hiyo M1916 nyeusi katika ufukwe wa Normandy ni mgeni asiyealikwa.

Kuzeesha nakala kwa chai, msasa au kuifukia bustanini ni mchezo unaowafurahisha mbwa wa jirani kuliko wakusanyaji. Kuipiga muhuri wa kiwanda cha zamani na mwaka wa uongo si mchezo. Ni njia ya kumwibia atakayeinunua baadaye. Neno “nakala” liandikwe kwa ndani, mahali pasipoonekana mkoba ukivaliwa.

Na baada ya jasho lote hilo, bastola haitakiwi kulala ndani ya mkoba. Ngozi hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma, na kemikali zilizobaki ndani yake huharakisha kutu. Vifungo vya shaba huota ukoko wa kijani. Bastola ipakwe mafuta na kufungiwa kwenye kabati kavu, na mkoba ujazwe karatasi isiyo na asidi na kuwekwa peke yake.